Nadharia za saikolojia zinagongana, sasa mdogo wangu nimsaidie na ipi?

Marahaba dada, na asante kwa kuandika kirefu vile, umenirahisishia kazi. Kwa wengine mtakaosoma, swali la dada huyu nalifupisha hivi. Ana mdogo wake wa kiume, miaka 24, alipunguzwa kazini miezi nane iliyopita na tangu hapo kajichimbia chumbani, usiku anakesha na simu, mchana analala, ameitwa kwenye usaili mara tatu na hakwenda hata mmoja, ukimgusia anakua mkali au ananyamaza kimya. Familia imeshauri, imefoka, imebembeleza, imeomba dua. Dada mwenyewe akaamua kusoma saikolojia ili amwelewe, na hapo ndo akachanganyikiwa kabisa, Freud anasema hivi, Skinner vile, Maslow ana ngazi zake za mahitaji ya binadamu, kila mwanasaikolojia anaongea kama wenzake hawapo. Kwahiyo anauliza ipi kati ya hizi ni ya kweli, na je kuna hata moja inayosaidia mtu au ni vitu vya kujibia mitihani tu.

Swali la kwanza dada nitakurudishia, usinune. Badala ya kuuliza ipi ni ya kweli, uliza huyu mtu alikua anamwangalia nani wakati anaiandika. Freud alikua anakaa na wagonjwa wake pale Vienna, watu wenye nafasi ya kuja kulala kwenye kochi na kuongea saa nzima, tena karibu kila siku. Skinner alikua anaangalia panya na njiwa ndani ya sanduku. Bowlby aliangalia watoto waliotenganishwa na mama zao, Beck aliangalia watu wenye sonona (ile huzuni nzito ya muda mrefu, depression), Rogers aliwasikiliza watu waliokuja kwake kutafuta ushauri. Kila mmoja kaona kitu cha kweli kabisa kwa wale aliokua nao mbele yake, alafu, kama binadamu yeyote, akakinyoosha hadi kwa watu wote duniani, na huko mbele ndo wanaanza kugongana. We huna haja ya kuchagua chama. Unachotaka kujua ni nani kati yao aliwahi kumwona mtu anayefanana na mdogo wako.

Ila kabla ya mdogo wako, tuanze na wewe na familia, samahani. Kwenye barua yako neno "mvivu" limetokea mara nne (nimehesabu) na "kiburi" mara mbili. Mwaka 1967 watafiti wawili, Jones na Harris, waliwasomesha watu insha za kumsifu au kumpinga Fidel Castro, kiongozi wa Cuba, alafu wakawaambia kabisa kwamba mwandishi hakuchagua upande, aliamriwa aandike hivo. Pamoja na kuambiwa, wasomaji bado waliona kwamba aliyeandika kumsifu Castro moyoni anamkubali zaidi kuliko aliyeandika kumpinga. Miaka kumi baadae Lee Ross akalipa jambo hili jina, kosa la msingi la kutafuta sababu: tabia ya mwenzako tunaiweka ndani yake, kwenye roho yake, na hali aliyomo tunaisahau. Tabia zetu wenyewe hatuzihukumu hivo. Mi nikichelewa ni foleni, we ukichelewa hujali.

Na sio kwamba namtetea mdogo wako, hapana, ni kwamba neno "mvivu" halina kazi. Halikuambii ufanye nini kesho asubuhi. Kurt Lewin aliandika miaka ya 1930 kwamba tabia inatokana na mtu pamoja na mazingira yake kwa wakati huo, na mazingira unaweza kuyasogeza, lakini roho ya mtu utaisogezea wapi? Mi hiki ndo kipimo changu cha nadharia: kama imenipa jina la kumwita mtu tu naiweka pembeni, ikinipa kitu cha kujaribu naendelea nayo.

Sasa twende kwenye ile usaili mitatu, hapa ndo penye nyama na hapa nitakaa.

Kila alipoitwa unasema siku mbili kabla alikua hali chakula vizuri, hasemi, tumbo linamsumbua. Asubuhi ya siku yenyewe anasema haendi. Alafu jioni, unasema kwa mshangao, "anakua mzima kabisa, hadi anacheka kwenye simu". Dada hapo umeandika sura nzima ya kitabu cha saikolojia bila kujua. Skinner alionesha kwamba tabia inakua kutokana na kinachofuata baada yake, hilo kila mtu analijua, lakini watu wanadhani kinachofuata lazima kiwe zawadi, na hapana, kuondokewa na kitu kibaya nako kunalisha tabia vilevile. Hofu inapanda, inapanda, anasema siendi, hofu inashuka ndani ya dakika kumi. Ule unafuu ndo mshahara. Ubongo hauandiki "nimekosa kazi", hiyo iko mbali huko, unaandika "kutokwenda kumeniponya". Kwahiyo mara ya pili ni rahisi zaidi kukataa na mara ya tatu hajiulizi hata. Na kibaya zaidi hajapata nafasi ya kugundua kwamba pengine usaili wenyewe ungekua wa kawaida tu, maana aliyekimbia hajui alichokikimbia kina ukubwa gani.

Dawa yake inajulikana miaka mingi sana. Mary Cover Jones mwaka 1924 alikua na mtoto wa karibu miaka mitatu, kwenye maandishi anaitwa Peter, anaogopa sungura mpaka basi. Hakumwambia sungura haumi, hakumtupia sungura mapajani. Alimweka mtoto mahali anakula vitu anavyovipenda, sungura kwenye kizimba mbali kule, siku nyingine karibu kidogo, siku nyingine karibu tena, na mtoto akianza kutishika sungura anarudishwa nyuma, mpaka mwisho mtoto akawa anamchezea. Tiba nyingi za hofu tunazotumia leo ni mjukuu wa yule sungura. Nyie mlichofanya na mdogo wenu ni kumtupia sungura mzima mapajani: usaili, suti, watu watano mezani, alafu mnashangaa anaruka.

Kwahiyo gawa. Asivae suti, asiende popote, kwanza afungue ile barua pepe tu muisome pamoja mfunge. Siku nyingine apige simu moja kuuliza kitu kidogo ambacho hakimuhusu sana. Siku nyingine mfanye usaili wa mchezo we na yeye sebuleni, hata mkicheka. Siku nyingine aende hadi kwenye jengo, ageuze arudi. Inaonekana kama upuuzi najua, kuna mzazi mmoja aliniambia "yaani nimekulipa ili mwanangu aende kugeuza mlangoni?" Ndio. Ila kuna sheria moja: hatua asiikimbie katikati ya hofu. Akae hapohapo hofu ishuke yenyewe ndo aondoke, akiondoka ikiwa juu mmelisha kilekile mnachotaka kife, na ukiona kila hatua anaikimbia basi mmekata kipande kikubwa mno, kateni tena.

Alafu kuna jambo lingine la Skinner linawahusu nyie. Unasema mama akichoka anamkatia bando la simu, kijana anafoka na kugonga milango, siku ya tatu mama anamrudishia "kwa ajili ya amani". Tabia iliyozoea kulipwa ukiacha kuilipa inapanda kwanza kabla haijashuka, mtu anaongeza bidii ya kilekile kilichokua kinamlipa. Mama anakubali pale pale kwenye kilele, kwahiyo kijana amefundishwa kwamba kufoka kidogo hakutoshi, foka sana. Sisemi mmkatie bando, mi binafsi nisingelikata kabisa maana ndo uzi pekee uliobaki kati yake na marafiki, nasema kama hamuwezi kushikilia jambo siku kumi basi msilianze.

Umeniuliza kama ameshakata tamaa. Kuna utafiti maarufu wa 1967 wa Seligman na Maier, mbwa walipigwa shoti za umeme ambazo hawakua na namna ya kuzizuia, baadae wakawekwa mahali ambapo kuruka tu kizuizi kidogo kungewaokoa na wengi hawakuruka, walilala chini wakavumilia. (Leo utafiti kama ule kuupitisha ni shida kubwa, na ni sawa.) Wakasema wanyama hawa wamejifunza kwamba hawana uwezo, na nadharia hiyo ilifundishwa hivo kwa karibu miaka hamsini. Mwaka 2016 wenyewe wawili, baada ya Maier kufanya kazi ya ubongo kwa muda mrefu, wakaandika kwamba walikua wameielewa kinyume. Kulala chini ndo hali ya mwanzo ya mwili ukipigwa na shida ndefu, hakuna anayejifunza hilo, linakuja lenyewe. Kinachofunzwa ni kwamba nina udhibiti. Nawapenda sana kwa hilo, ni wasomi wangapi wanarudi baada ya miaka hamsini kusema tulikosea?

Na sio ubishi wa wasomi tu, inabadilisha cha kufanya. Kama mdogo wako angekua amejifunza kukata tamaa basi kazi yako ingekua kumfuta hayo mawazo, maneno mengi, hotuba nyingi. Lakini kama hali ya kulala imekuja yenyewe na kinachokosekana ni somo la "nikifanya, kitu kinabadilika", basi anahitaji vitu vidogo vinavyobadilika akivigusa, hotuba muweke pembeni. Bandura mwaka 1977 alipoandika juu ya imani ya mtu kwamba anaweza, alitaja vyanzo vinne: kufanya mwenyewe ukafanikiwa, kuona mtu anayefanana na wewe akifanikiwa, kuambiwa na watu kwamba unaweza, na jinsi mwili wako unavyojisikia. Chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Cha kuambiwa ni dhaifu, kinafutika haraka. Angalia sasa, familia nzima miezi nane mmekua mnatumia kile dhaifu peke yake. Na hata cha kuona wengine mmekitumia vibaya, mmemletea mifano ya binamu mwenye gari, ambaye hafanani naye kwa lolote, kwahiyo anachojifunza pale ni kwamba wengine wanaweza. Mtafutie aliyepunguzwa kazi kama yeye akasota mwaka, akaibuka, tena asije kama mhubiri, aje tu kutembea.

Beck sasa, wa mawazo. Huyu alisomea mambo ya Freud, na Freud alikua amesema sonona ni hasira mtu aliyoigeuza kujipiga mwenyewe, Beck akaenda kupima hilo kwenye ndoto za wagonjwa akitegemea kukuta hasira, akakuta ndoto za kupoteza na kushindwa. Akafuata alichokikuta. Miaka ya 1960 akajenga tiba inayoshughulika na yale mawazo yanayopita kichwani haraka bila kuitwa, sina maana, watanicheka, hakuna atakayeniajiri, na kumfundisha mtu kuyakagua kama anavyokagua habari ya mtaani kabla ya kuisambaza. Ni tiba nzuri sana, natumia kila wiki. Lakini dada usijaribu kumkagulia mawazo mdogo wako nyumbani, utageuka mwanasheria na yeye mshitakiwa. Na habari njema ni kwamba huhitaji: mwaka 1996 Jacobson na wenzake waliivunja tiba ya Beck vipande wakapima, wakakuta kile kipande cha kumrudisha mtu kwenye shughuli tu, bila kazi ya mawazo, kilisaidia watu wenye sonona sawa na tiba nzima. Tunadhani mtu mpaka ajisikie vizuri ndo ataamka, mara nyingi ni kinyume, akiamka akafanya kitu hisia zinakuja nyuma zinahema. Anza na saa ya kuamka. Kabla ya kazi, kabla ya maombi ya kazi, saa ya kuamka na dakika ishirini za kutoka nje mwanga ungalipo.

Maslow na ngazi zake nitapita haraka. Aliandika 1943, ile piramidi hakuichora yeye, na watu hawapandi mahitaji kama ngazi, kuna wenye njaa wanaotafuta heshima kuliko chakula. Hilo la mwisho labda lichukue kwa mdogo wako, maana kila mtu anazungumza naye kuhusu pesa na mi nahisi kilichouma ni heshima. Na Freud simtupi, kuna vitu binti yake Anna aliviweka vizuri mwaka 1936 kuhusu jinsi mtu anavyojikinga na maumivu, kama vile kumfokea mama kwa hasira iliyokua ya bosi. Inasaidia kutochukua kila neno lake kama lako. Ila usimwambie! Hakuna kitu kinachomfunga mtu mdomo kama kuelezwa kwamba unamjua ndani kuliko anavyojijua.

Sasa namna ya kuongea naye, maana hata mpango mzuri ukifika mlangoni kwa mdomo mbaya unarudi. Brehm mwaka 1966 alieleza kwamba mtu akihisi uhuru wake unabanwa anautetea, hata kwa kushikilia kitu ambacho mwenyewe hakitaki. Ukisema "lazima utoke" unampa kazi ya kutafuta sababu za kutotoka, anazitaja kwa sauti, na akizisikia kwa mdomo wake mwenyewe anaziamini zaidi. William Miller aliyekua akifanya kazi na watu wenye shida ya pombe aliona hili wazi, na 1983 akaandika kuhusu namna tofauti ya kuzungumza ambayo yeye na mwenzake Rollnick waliiendeleza baadae: acha mtu mwenyewe aseme sababu za kubadilika. Ndani ya kila anayejichimbia kuna wawili wanabishana, mmoja anataka kutoka, mmoja anaogopa, na ukichukua upande wa mmoja yeye anabaki na yule mwingine.

Kwa vitendo ni hivi. Badala ya "kwanini hukwenda" (kwanini inatafuta mkosaji), mwambie "zile siku mbili kabla zilikuaje?" alafu nyamaza. Akisema "sijui, niliona tu watanidharau", usimjibu "hakuna wa kukudharau", rudisha alichosema, "uliona kama watakuangalia vibaya baada ya kile cha kazini". Anaweza akaendelea, anaweza akanyamaza, vyote sawa. Carl Rogers aliandika mwaka 1957 kwamba mtu anabadilika akikutana na mwenzake ambaye ni mkweli, anamkubali bila masharti na anaielewa dunia yake toka upande wake. Tangu hapo watu wamebishana kama hayo yanatosha peke yake, mi nasema hayatoshi, yule sungura bado anahitajika. Lakini bila hayo hakuna mtu atakayekubali umsogezee sungura. Nilipoanza kazi hii nilikua na mbinu nyingi na sikio dogo, kijana mmoja aliniambia kikao cha tatu "wewe unanisikiliza ili upate pa kuingilia", na hakurudi tena. Alikua sahihi.

Swali lako la pili, kama nadharia inasaidia mtu. Kule Zimbabwe daktari wa akili Dixon Chibanda kuanzia 2006 alifundisha mabibi wa kawaida wa jamii njia moja tu ya kutatua matatizo hatua kwa hatua, wakae kwenye benchi nje ya zahanati na watu wanaosumbuliwa na kile watu wa kabila la Washona wanaita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Hakuna bibi aliyekwenda kusomea udaktari. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na mabibi walikua na dalili chache sana kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Na njia ile unaijua tayari: orodhesha matatizo, chagua moja, tafuta hatua ndogo, jaribu, rudi useme ilikuaje. Nadharia ikishaingia kazini inafanana hivo, wala huioni.

Kitu kimoja sitakiweka mzaha. Umeandika kwa mstari mmoja tu, kama unaupita, kwamba aliwahi kusema "bora nisingekuwepo". Muulize, leo, mkiwa wawili, wazi kabisa: unafikiria kujiua? Watu wanaogopa kwamba kuuliza kunampa wazo, tafiti hazijakuta hivo, mara nyingi kinachotokea ni mtu kupumua kwa sababu mwishowe kuna aliyethubutu kulitaja. Akisema ndio, na hasa akiwa na namna aliyoipanga, usibaki nalo nyumbani wala usimwache peke yake, ondoeni vitu anavyoweza kujidhuru navyo na mpelekeni hospitali au kwa mtaalamu siku hiyohiyo. Hata akisema hapana, miezi nane ya kulala mchana, kutokula na kujitenga inatosha kabisa kuonana na mtaalamu, na kwenda naye kwa daktari nako mnaweza kukigawa vipande kama usaili.

Mengine yote polepole. Wiki hii chagua moja tu, mi ningechagua saa ya kuamka, mkubaliane naye (akubali yeye, sio apangiwe), na mama aombwe kupumzika na hotuba wiki mbili. Akikwama mara moja usirudi kwenye neno lile la mara nne, uliza kipande kilikua kikubwa kiasi gani. Alafu niandikie baada ya wiki tatu, na usinianzie na habari za kazi, anza kuniambia anaamka saa ngapi.